Moja Nukta Tisa

Nilimuuzia mimi.
Naliandika hilo kwanza, lisije likazama katikati ya maneno.
Helju Raudsepp aliingia benki yetu pale Valga
akipangusa theluji begani,
vidole vimevimba kwa mvuke wa dobi la hospitali,
akaniuliza: euro sitini kila mwezi, niziweke wapi?

Nikamtolea kijitabu chenye picha ya mlima.
Sisi hatuna milima.
Nikamwambia, mfuko huu wa hisa unaendeshwa na mabingwa,
na ada yake, mama, ni moja nukta tisa tu kwa mia.
Lile "tu" nililitamka
kama mtu anayefunga mlango taratibu
mtoto asiamke.

Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo.
Lakini haba na haba pia hukitoboa.
Panya hamgombezi mwenye mguu;
huuma, akapuliza, huuma, akapuliza,
na kila robo mwaka tulimtumia barua,
karatasi nzito, wino wa buluu,
ya kupuliza.

Miaka kumi na minne.
Mfuko ulipopanda tulikula.
Uliposhuka tulikula.
Mwaka masoko yalipoporomoka
na wenye suti wakapigiana simu usiku kucha,
Helju alikuwa anakunja mashuka, hana habari,
hakuuza hata kipande.
Yeye peke yake ndiye aliyefanya lililofaa mwaka ule,
nalo ni kutofanya kitu.
Tulimkata ada hata hapo.

Jumanne moja ya Machi, matope na barafu,
hakuna mteja, nikaivuta kalkuleta.
Nikakisia soko limempa sita kwa mwaka
(kukisia tu; kesho haina mdhamini).
Nikatoa moja nukta tisa.
Nikarudia, nikatoa sifuri nukta mbili.
Baina ya majibu hayo mawili
palikuwa na euro elfu moja na mia tisa.
Kuni za vipupwe sita.
Au madirisha yale ya jikoni anayoyaziba kwa magazeti.

Sikumpigia kwa simu ya benki.
Tulikutana mkahawa wa stesheni, meza ya karibu na jiko.
Nikamweleza: ipo mifuko ya fahirisi.
Haina bingwa. Haibashiri nani atashinda.
Hununua kampuni za dunia nzima kwa maelfu,
kubwa kwa ukubwa wake, ndogo kwa udogo wake,
meli za Korea, dawa za Denmark, saruji ya Meksiko,
ikakaa kimya.

"Kama dobi letu," akasema.
"Hatuchagui shuka la nani. Yote yanaingia."

Ndivyo.

"Basi nani anafikiri?"

Hakuna.

"Na kutofikiri ndiko kunakouzwa rahisi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwonya kuwa nao hushuka,
tena vibaya, na asiweke humo pesa ya kodi wala ya meno.
Nikamwonyesha pa kutazama: ada ya mwaka,
ada ya kununua, ada ya kutunza, ada ya kubadili fedha,
kila mlango ambao panya hupitia.
Aliandika yote nyuma ya risiti ya viazi,
kwa mwandiko wa watu waliofundishwa kutopoteza karatasi.

Kisha akaweka kalamu chini.
"Wewe ulijua lini?"

Treni ya Riga iliingia, ikatikisa vikombe.
Ningeweza kungoja ipite na swali lake.

Tangu mwaka wa pili, nikasema.

Hakufoka. Angefoka ningeshukuru.
Alivaa koti, kifungo kimoja kimoja, mpaka shingoni,
akasoma bei ubaoni juu ya kaunta,
akafungua pochi, akahesabu sarafu mezani
mbele ya kikombe changu.

"Chai yako nalipa mimi," alisema.
"Euro moja na senti tisini.
Tu."